Kumsoma Randy Martin Ufuoni Mweru

Katika Financialization of Daily Life (2002), Randy Martin anaonyesha jinsi kaya za Marekani zilivyofunzwa kujiendesha kama biashara: nyumba ikawa mtaji, watoto wakafundishwa mapema lugha ya uwekezaji, na hatari zilizobebwa na dola au mwajiri zikamwangukia mtu binafsi. Hoja ni nzito. Hulegea inapohamishiwa Mununga, ufuo wa Zambia wa Ziwa Mweru, kana kwamba wavuvi wa huko hawakuwahi kupiga hesabu.

David Gordon, katika Nachituti's Gift (2006), anatoa picha nyingine. Utajiri wa Mweru ulihesabiwa kwa watu: jamaa, wakwe na wategemezi. Samaki wakubwa walipopungua, chisense, dagaa wa ziwa hilo, wakawafungulia wanawake wengi mlango wa biashara. Hesabu, basi, ilikuwepo. Mdai na mdaiwa walijuana kwa majina. (Kujuana huko pia kuliweza kuwa kongwa, jambo ambalo wasifu ujamaa husahau.)

Hapo ndipo sera hujikwaa. Elimu ya fedha inayoandika msaada kwa ndugu katika safu ya matumizi humfundisha mvuvi kuivunja bima yake. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kisheria. Wenzake wa upatu, uitwao chilimba nchini Zambia, huweza kupanga upya zamu yake wakijua nyavu zimeanikwa. Ratiba ya marejesho ya kila mwezi haina mwezi wa kufungwa ziwa.