Mshairi Asome Mwenyewe

Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla Élisabethville haijaitwa Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa, bila kufuata tahajia ya kitabu chochote: hapa maneno yameunganishwa, pale yamekatwa, na msomaji mgeni hajui sentensi inaishia wapi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoyaandaa maandishi hayo yatoke katika kitabu cha mwaka 1990, alimwomba Kalundi Mango, mjuzi wa lugha hiyo, ayasome kwa sauti mbele ya kinasa sauti. Usomaji ule ndio uliofungua maana. Sehemu ambazo macho yalikwama, sikio lilipita. Na hiyo ilikuwa nathari tu. Ikiwa nathari ilihitaji kinywa ili ieleweke, ushairi unahitaji zaidi. Kwa hiyo nashikilia kwamba mshairi anaposoma kazi yake na mtu akairekodi kwa ustadi, kinachopatikana si pambo la diwani wala kumbukumbu ya hafla. Ni nuskha ya shairi, yenye haki sawa na ile ya karatasi, na aliyeirekodi amefanya kazi ya mhariri.

Hoja hii ina uzito wa pekee huko Haut-Katanga, jimbo la Kongo uliko mji wa Lubumbashi. Barabara ya Kasenga inatoka Lubumbashi kuelekea kaskazini-mashariki hadi mto Luapula, na ng'ambo ya mto ni Zambia. Watu wa njia hiyo huishi na Kibemba, Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja. Kibemba, kama Kisanga na lugha za Waluba, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana, lakini tahajia ya kila siku haiandiki toni hizo. Mwanamke anayetunga kwa Kibemba pale Kasenga akichapisha shairi lake bila kulisoma popote, ametoa silabi na kuacha muziki wake. Hata Kiswahili, ambacho hakina toni, hakisalimiki. Karatasi inaonyesha vina na kukuruhusu uhesabu mizani, ila haisemi mshairi amevuta pumzi wapi, ameharakisha wapi, wala neno la Kifaransa aliloliingiza katikati ya mshororo amelitamka kama Mfaransa au kama mtu wa sokoni. Clémentine Faïk-Nzuji, ambaye ni mshairi na mtafiti, alichapisha Lubumbashi mwaka 1974 utafiti wake juu ya kasala, utungo wa sifa wa Waluba. Kasala huita watu kwa majina yao ya ukoo na ya sifa, katika msiba na katika shangwe. Ukiyaona majina hayo kwenye ukurasa unaona orodha. Yakitamkwa, unasikia mtu akijengwa jina kwa jina.

Simu ya mkononi imewafanya wengi waamini kwamba kurekodi ni kubonyeza kitufe. Anayeipenda kazi hii huanza na chumba. Nyumba nyingi za Lubumbashi zimeezekwa bati, na mvua za kuanzia Novemba zikianza kupiga hakuna maikrofoni itakayoshindana nazo. Umeme ukikatika, jenereta ya jirani itaingia ndani ya kila ubeti. Kuta tupu za saruji hurudisha mwangwi, kwa hiyo hutundikwa blanketi nzito, na vifaa huendeshwa kwa betri. Maikrofoni huwekwa karibu na mdomo, kiasi cha shubiri moja, tena kwa pembeni kidogo, ili herufi p na b zisipasuke. Kiwango cha sauti hupimwa kwa mshororo wenye kelele kuliko yote, maana sauti iliyopasuka haitengenezeki tena. Husomwa mara mbili au tatu, na nusu dakika ya ukimya wa chumba hurekodiwa kwa ajili ya kuziba viraka. Halafu inakuja hukumu ngumu kuliko zote: kipi kikatwe. Mlio wa karatasi ukikatwa hakuna kilichopotea. Pumzi ya mshairi ni alama ya uandishi, na mkono mwepesi unaozifuta pumzi zote ili sauti iwe safi umefuta koma na nukta za mtunzi. Kabla ya ubeti wa kwanza, jina la mtunzi, la shairi, mahali na tarehe yatamkwe kwa sauti ndani ya rekodi yenyewe, kwa kuwa majina ya faili hubadilishwa na watu.

Atasimama mtu wa Pwani na kupinga, na pingamizi lake lina mizizi. Katika desturi yetu, atasema, mtunzi ni mmoja na mghani ni mwingine. Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu alitunga Wasiya wa Mabanati katika miaka ya 1970, na utungo huo ukaenea kwa kanda za kaseti kwa sauti ya mghani, si yake. Je, haukufika? Ulifika, na ulifika kwa sababu sauti ile ilikuwa nzuri. Sitaki mghani aondolewe. Ila mghani anatupa tafsiri yake ya shairi, naye mtunzi, hata akiwa na sauti kavu, anatupa ushahidi wa alichokusudia. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa karibu mwaka 1840, kabla ya kifaa chochote cha kunasa sauti. Mashairi yake tunayo kwa hisani ya kumbukumbu ya Mwalimu Sikujua na kalamu ya mmisionari W. E. Taylor. Namna alivyoyatoa mbele ya wapinzani wake, kwa kejeli au kwa hasira, hatutaijua kamwe, na wahariri wataendelea kubishana juu ya mishororo ambayo usomaji mmoja tu wa Muyaka ungeimaliza.

Pingamizi la pili ni kwamba rekodi hugandisha: usomaji wa siku moja unageuka sheria. Hilo linaweza kutokea rekodi ikiwa moja tu. Dawa yake ni kurudi kwa mshairi baada ya miaka, kurekodi tena, na kuweka zote mbili zikiwa na tarehe zake. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Graz, husoma mashairi yake jukwaani pamoja na saksafoni, na hakuna atakayesema kwamba jioni moja ya namna hiyo imeyafunga maandishi yake. Karatasi ndiyo inayogandisha zaidi, na hatujawahi kuilaumu.

Kurekodi bila kugawa ni nusu ya kazi. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Tunamshukuru, kwani bila yeye gitaa lile lisingesikika mbali vile. Lakini hazina ya rekodi aliyoianzisha iko Afrika Kusini, mbali sana na mtaa ulioimba. Leo umbali huo hauna udhuru. Usomaji wa dakika tatu katika faili isiyobanwa, ya ubora wa studio, ni takriban megabaiti 26. Hiyo ihifadhiwe, nakala moja kwa mshairi na nyingine katika maktaba ya chuo. Ukibanwa kwa uangalifu unashuka hadi megabaiti moja na nusu, na msikilizaji wa Kasenga anaweza kuupakua bila kumaliza salio lake. Kinachopaswa kutangulia ni ruhusa iliyoandikwa, inayosema nani amiliki sauti, nani aigawe, na malipo yakipatikana yaende kwa nani. Mshairi awe na haki ya kuchagua shairi hadi shairi. Utungo wa msiba unaotaja marehemu wa ukoo si wake peke yake. Hata akiwa tayari kuutoa, ubaki kwenye nakala ya familia mpaka wenye msiba nao waukubali.