‘Kisu iko hapa’: Mafunzo ya programu yasiitupe ngeli

MWAKA 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha silabasi ya kufundishia uandishi wa programu za kompyuta katika shule za humu nchini. Mojawapo ya mbinu zinazosifiwa kwa wanaoanza ni kuwaacha wabuni mchezo wa safari: mchezaji anaelezwa alipo, anaamua aende wapi au achukue nini, nayo programu inamjibu.

Ni mbinu nzuri, sina ugomvi nayo. Mwanafunzi anayechoshwa na zoezi la kujumlisha namba mbili hatachoka upesi kutafuta njia ya kumtoa shujaa wake pangoni. Isitoshe, safari hiyo ina mambo yote ya msingi: sharti (kama una ufunguo, mlango utafunguka), kitanzi (uliza tena hadi jibu liwe sahihi) na orodha (vitu vilivyomo mkobani).

Mbinu yenyewe ina historia. Kati ya 1975 na 1976, Mmarekani Will Crowther, mtaalamu wa programu aliyependa kuzuru mapango, alitunga mchezo wa Adventure kwa kufuata sehemu ya pango la Mammoth Cave, jimboni Kentucky. Mwenzake, Don Woods, akaupanua mwaka 1977. Haukuwa na picha hata moja. Mchezaji aliandika amri ya neno moja au mawili, akasoma jibu. Maneno ndiyo yaliyokuwa mchezo.

Hapo ndipo lawama yangu inapoanzia. Ikiwa mchezo huu ni wa maneno, kuufundisha kwa Kiingereza kitupu, ndani ya kasri lenye joka, ni kumnyima mwanafunzi nusu ya somo. Crowther alianza na pango alilolijua. Mwanafunzi wa Machakos anayo Kyamwilu, ambako maji yakimwagwa barabarani huonekana kana kwamba yanapanda mlima badala ya kuteremka. Atafute kisa gani kingine?

Wapo watakaosema, “Lakini hata Python ni ya Kiingereza!” Kweli. Ila maneno maalum ya lugha hiyo ya kompyuta hayafiki 40. Yanayobaki, yaani majina ya vitu, maelezo ya mahali na majibu, ni hiari ya mtunzi.

Hebu basi tujaribu. Mwanafunzi anaiagiza programu itaje kitu, kisha imalizie kwa “iko hapa”. Taa iko hapa. Sawa. Halafu: kisu iko hapa, ufunguo iko hapa, jiwe iko hapa. Jameni! Programu inazungumza Kiswahili cha steji ya matatu. Kwa Kiingereza, umbo moja la kitenzi lingetosha vitu vyote hivyo vinne.

Sasa mwanafunzi lazima afikiri. Kila kitu kihifadhiwe pamoja na kiambishi chake cha upatanisho: kisu na ki-, ufunguo na u-, jiwe na li-, taa na i-. Programu nayo iunganishe kiambishi hicho na -ko. Tazama alichojifunza: kwamba data ina mpangilio, na kwamba kanuni moja yaweza kutumikia vitu vingi. Ngeli alizokuwa akizikariri kwa ajili ya mtihani zimepata kazi.

Ugumu upo pia katika amri. “Chukua kisu” ni rahisi, lakini mchezaji akiandika “kichukue”, kompyuta inaona neno jingine kabisa. Wachezaji wakiwa wawili, “nenda” inageuka “nendeni”. Kuamua maumbo yapi yakubaliwe ni uchambuzi wa mofolojia hasa.

Kwa hivyo, somo hili lisiachiwe mwalimu wa kompyuta pekee. Mwalimu wa Kiswahili aketi naye. Wala uhaba wa kompyuta usiwe kisingizio: ramani ya safari, vitu na viambishi vyake vyaweza kuandaliwa daftarini kwanza, darasa zima likishiriki. Zamu ya kompyuta ikifika, kila mmoja atakuwa anajua la kuandika.

Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za teknolojia, huku tukibishana iwapo tuseme kompyuta au tarakilishi. Istilahi zote zikipatikana kesho, na mwanafunzi bado anaandika “kisu iko hapa”, tutakuwa tumefaidi nini?