Vumbi la Kalima Chini ya Hadubini

Kalima, katika eneo la Pangi mkoani Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imeishi kwa kasiterite, madini ya bati, tangu enzi za kampuni ya Symétain, kisha SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976. Madini hayo mara nyingi hukaa ndani ya mawe ya kwatzi, na anayetwanga kwatzi kavu huvuta vumbi la silika. Mwanafunzi wa udaktari akitaka kujua patholojia ya jumla inahusu nini, aanze na pafu la mchimbaji.

Lakini pafu haliwezi kusomwa kabla fundi wa maabara hajaliandaa. Kipande chake hulowekwa katika formalini ya asilimia 10 kisioze. Kisha hupitishwa kwenye alkoholi, kuanzia isiyo kali hadi kali kabisa, mpaka maji yaishe. Zailini huondoa alkoholi, na parafini iliyoyeyuka huingia mahali pake. Ikishaganda, mikrotomu hukata tabaka za mikromita 3 hadi 5. Hapa ndipo ninapopenda kumtazama fundi. Kisu kikiwa na pengo hata dogo, kila tabaka hutoka na mchirizi. Parafini ikipata joto, tabaka hujikunja. Basi fundi hulipoza bonge la parafini kwa barafu, huzungusha gurudumu kwa mwendo mmoja, na utepe hutoka mzima. Huulaza juu ya maji ya uvuguvugu, hungoja mikunjo inyooke, ndipo auopoe kwa kioo. Hematoksilini hutia viini vya seli rangi ya buluu; eosini huyapaka waridi yaliyobaki.

Kioo kikifika kwa mpatholojia, huanza na lenzi ndogo, bila pupa. Anachokiona kimetulia tuli, naye anakisoma kama tukio lenye mwanzo na mwendelezo. Makrofaji, seli inayolinda pafu, ilimeza chembe ya silika. Ikashindwa kuisaga, ikafa, ikaitema. Nyingine ikaja, ikameza chembe ileile, nayo ikafa. Kila kifo kikachochea inflamesheni, na seli za kovu zikatandaza kolajeni tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Jeraha la seli, kifo chake, inflamesheni, kovu: sura nzima za kitabu zimo katika kioo kimoja. Mpatholojia Rudolf Virchow alichapisha mihadhara yake Berlin mwaka 1858 akisisitiza kwamba ugonjwa utafutwe ndani ya seli, na kwangu mimi hakuna ushahidi mzuri kuliko huu.

Tena kioo hicho kinaeleza kwa nini kifua kikuu humpata mchimbaji kwa urahisi. Makrofaji zilizodhoofishwa na silika ndizo zilizotakiwa kuua vijidudu vyake.

Kovu hilo halina dawa ya kuliondoa. Kumwagia jiwe maji kabla ya kulitwanga hupunguza vumbi. Nanyi mnaosomea udaktari mjini Kindu, katika mkoa huohuo wa Maniema, mgonjwa akikohoa mbele yenu, mwulizeni kwanza anafanya kazi gani.