Mfuko wa Hewa na Mkono wa Fundi: Uhakiki wa Tafsiri ya Maonyo

Katika maandishi yote yapitayo mikononi mwa mfasiri, maonyo ndiyo yasiyosamehe kosa. Riwaya ikifasiriwa vibaya, msomaji huchoka akaiweka kando. Onyo likifasiriwa vibaya, msomaji huumia. Tumepata kusoma tafsiri ya Kiswahili ya maelekezo ya usalama kwa mafundi wanaotengeneza magari yenye mifuko ya hewa, yaani ile inayofura ghafla kutoka kwenye usukani na dashibodi gari linapogonga. Mfasiri wake, ambaye hatumtaji, anakijua Kiswahili vizuri. Hata hivyo, yako mambo matatu ambayo hatuna budi kuyasahihisha.

La kwanza ni istilahi. Jina "mfuko wa hewa" limefuata Kiingereza, ambacho nacho kilipotoka. Fundi asikiapo "hewa" hufikiria tairi na pampu. Lakini katika aina nyingi za mifuko hii mna kemikali ambayo, ikiwashwa kwa mkondo mdogo wa umeme, huungua na kutoa gesi inayoujaza mfuko kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Jina limekwisha kuenea, wala hatupendekezi lifutwe. Kosa ni kukiita kifaa chenye kemikali hiyo "kijaza hewa". Tunapendekeza kiitwe "kilipuzi cha mfuko", kwa kuwa kilipuzi ni neno ambalo kila mtu hulisikia kwa hadhari.

La pili ni sentensi hii: "Zima mfumo, kisha subiri kidogo." Fundi huzima gari kwa ufunguo, na hilo halitoshi. Kinachotakiwa ni kuondoa waya wa betri wa upande hasi. Hata baada ya hapo, kapasita za mfumo huo huhifadhi umeme unaoweza kuufyatua mfuko. Ndiyo maana watengenezaji huweka muda wa kungoja: wengine sekunde 90, wengine dakika 3 au zaidi. Sasa, "kidogo" ni kipimo cha nani? Fundi ambaye mwenye gari amemsimamia kichwani akimhimiza, "kidogo" chake ni kifupi mno. Tarakimu iliyomo katika matini asilia isigeuzwe kamwe kuwa kielezi.

La tatu ndilo zito zaidi, kwa sababu limejificha katika sarufi. Tafsiri inasema: "Uweke mezani ukiangalia juu." Nani aangalie juu, fundi au mfuko? Kiambishi *u-* ni cha nafsi ya pili umoja, na pia ni cha ngeli ya *mfuko*. Sentensi ni sanifu, lakini ina maana mbili. Mfuko ukilazwa kifudifudi nao ukafyatuka, kifaa kizima kitaruka juu kama kombora. Vivyo hivyo, "Ubebe ukielekea mbali na mwili" haimwambii fundi kitu anachoweza kukitenda. Dawa ni kubadili kiima: "Beba mfuko, kifuniko chake kisielekee mwilini mwako. Uwekapo mezani, kifuniko kielekee juu." Kiambishi *ki-* hakiwezi kudhaniwa kuwa ni mtu.

Huenda wako watakaosema kwamba fundi mzoefu ataelewa tu. Lakini anayeelewa bila maelekezo hayahitaji maelekezo. Tafsiri hii iliandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa gereji, ambaye leo amefunguliwa gari lililotumika lililotoka Japani, na kitabu chake cha asili hakisomi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba tafsiri ya maonyo ihakikiwe gereji kabla ya kupigwa muhuri ofisini. Fundi apewe sanduku tupu lenye kifuniko pamoja na ukurasa wa tafsiri, naye mfasiri akae kimya atazame. Sanduku likilazwa kifudifudi, kosa si la fundi.