Darubini mbili kwenye majani chai

"Hiyo inavuta mara ngapi?" Mzee mmoja wa Mogogosiek, kaunti ya Bomet, aliniuliza hivyo nikiwa nimesimama kando ya shamba lake. Nikamjibu, "Mara sita na nusu, mzee." Akaguna. Simu ya mjukuu wake, alisema, inavuta mara thelathini.

Swali lake ndilo wanaloanza nalo wanunuzi wengi, na ndilo linalowafanya warudi nyumbani na kifaa kisichowafaa. Kwa wiki kadhaa nilitembea na darubini mbili za kubebeka, mchana na jioni, kati ya Kericho na Bomet: Zeiss Terra ED Pocket ya 8x25 na Pentax Papilio II ya 6.5x21. Ya kwanza bei yake ni zaidi ya maradufu ya ile ya pili.

Tuanze na hizo namba. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwali unaofika jichoni: Terra milimita 3.1, Papilio 3.2. Ndiyo kusema lenzi ndogo haimaanishi picha ya giza. Mchana mboni yako haifunguki zaidi ya hapo. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likizama nyuma ya vilima, mboni inataka milimita tano au zaidi, na hapo zote mbili zinachoka. Anayetaka kuona gizani atafute 8x42, ila asahau habari ya kuitia mfukoni.

Kwa mbali Terra imeshinda, sina ubishi. Tai mwenye kishungi hupenda kukaa juu ya mikaratusi akivizia panya chini, na kwa Terra niliona upepo ukiupeperusha ule ushungi wake. Papilio ilinionyesha tai, manyoya nilikisia. Hata hivyo, uwanja wa Papilio ni mpana kidogo: mita 131 kwa umbali wa mita 1,000, dhidi ya 119 za Terra. Na ukiwa umetoka kupanda mteremko huku unahema, mara nane hutikisika zaidi mkononi kuliko sita na nusu. Mbayuwayu wanaopita chini chini juu ya michai niliwafuata vizuri zaidi kwa Papilio.

Lakini nchi ya chai haitazamwi kwa mbali tu. Mchai hukatwa ubaki kimo cha kiuno, na mambo yake makubwa yako kwenye jani. Hapa ndipo mzee wangu aliponyamaza.

Darubini ya kawaida ukiielekeza kwenye kitu kilicho karibu, kila upande huona chake, na picha hugawanyika kama sarafu mbili zilizopishana. Terra hukaza picha kuanzia mita 1.9, na kwa saizi yake si haba. Papilio huanzia nusu mita. Siri iko kwenye lenzi zake za mbele: zimekaa karibu karibu kuliko macho yenyewe, nyuma ya kioo kimoja, na ukizungusha gurudumu la kati zinasogea mbele huku zikielekeana, kama macho yako yanavyokutana ukitazama ncha ya pua.

Hesabu yake ni tamu. Jani lililo sentimita 50, likikuzwa mara 6.5, linaonekana kana kwamba liko sentimita 7.7 kutoka jichoni. Kwa Terra, mita 1.9 kugawanya kwa nane ni karibu sentimita 24, umbali wa kusomea gazeti. Yaani ndogo na ya bei nafuu inakuonyesha jani mara tatu zaidi, bila kuinama. Mzee aliielekeza kwenye jani lililoanza kugeuka rangi ya kahawia, akaona vidoa vyekundu vikitembea. Utitiri. Hakuuliza tena habari ya simu.

Sasa mvua. Kericho hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikiangushwa alasiri, mara nyingine na mawe. Terra imezibwa na kujazwa nitrojeni. Maji hayaingii, ukungu haujijengi ndani. Inakunjika pia, ingawa bawaba zake mbili hukulazimu kuipanga upya kila unapoitoa, na ndege hakungoji. Papilio haikuzibwa, mtengenezaji mwenyewe hadai vinginevyo. Najua unyevu wa huku unavyofanya: darubini yangu ya zamani, ya chapa nyingine kabisa, iliota kuvu ndani ya lenzi, na fundi aliniambia nisihangaike.

Kwa anayetaka moja tu, ya kutembea nayo kila siku bila kutazama mawingu, anunue Terra. Mkulima anayekagua majani yake asubuhi achukue Papilio, na pesa iliyobaki anunue mbolea. Mimi nimebaki na Papilio. Naibeba ndani ya kopo tupu la mafuta ya kupikia ya Kimbo la kilo mbili, na mfuniko wake nimeukaza.