Mstari wa Manjano

Msafiri atokaye Dar es Salaam huikumbuka Chalinze kwa mananasi ya Kiwangwa yanayonyanyuliwa hadi dirishani mwa basi, kwa mahindi ya kuchoma, na kwa ile njiapanda ambapo barabara moja hufuata Morogoro na nyingine hushika kaskazini kupita Msata na Wami hata Segera, Tanga na Arusha. Na basi likisha kuondoka, jina la mji nalo huachwa nyuma pamoja na maganda. Mimi naikumbuka kwa meza moja ya mbao iliyofunikwa kioo, chini ya kipande cha bati, hatua chache kutoka mahali yanaposimama magari ya Lugoba, na kwa mtu aliyeketi nyuma ya meza hiyo akiziflashi simu za watu. Wasomi wetu huihesabu kazi yake kuwa ujanja wa vijana wasio na shughuli. Nami nasema, baada ya kumtazama kwa miaka kadhaa, kwamba huo ni ufundi kamili, wenye adabu zake, wenye hofu zake na wenye subira yake, kama ufundi wowote uliopata kuenziwa katika pwani hii.

Siku niliyomtazama kwa makini mara ya kwanza ilikuwa alasiri ya mwaka 2017, jua kali, nami nangoja gari. Akaja bibi mmoja, simu yake ameifundika katika ncha ya khanga kama wanawake wa zamani walivyofundika fedha. Fundi akasimama kumpokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuletea mgonjwa. Inawaka, ila haiamki."

Sijasikia mpaka leo maelezo bora kuliko hayo ya maradhi yale: simu huonyesha nembo ya kampuni, ikazima, ikaonyesha tena, mchana kutwa na usiku kucha, mithili ya mtu anayeota kwamba ameamka. Wengi katika kazi hii, wakiisha kuona nembo inazunguka, hukimbilia waya papo hapo. Huyu aliilaza simu juu ya kitambaa, akaketi, akauliza, "Bibi, humu ndani mna nini usichotaka kipotee?"

Bibi alinyamaza kidogo. "Mna sauti ya babu yenu," akasema. "Aliniachia maneno kabla hajafariki. Mengine yote futa."

Kila sifa nitakayoitoa hapa yatoka katika swali lile. Kuflashi ni kuandika upya: programu yote iendeshayo simu huletwa kutoka kwenye kompyuta na kumwagwa juu ya ile iliyoharibika, na chochote kilichokuwa chini yake, kisipookolewa kwanza, hakirudi tena abadani. Kwa hiyo mtu anayekabidhi simu yake mezani hakabidhi chombo tu. Anakabidhi nyuso za watoto wake, madeni aliyoyaandika, na maneno ya wafu wake, ilhali hajui hata kidogo litakalotendeka ndani ya ule waya. Kukabidhiwa hivyo ni amana, na fundi asiyeuliza amekwisha kuivunja kabla hajagusa kitu.

Aliichomoa betri akasoma karatasi iliyobandikwa chini yake, herufi kwa herufi, kwa kuwa simu mbili za jina moja na sura moja huweza kutofautiana ndani, na faili la mojawapo likawa sumu kwa nyingine. Akasafisha tundu la chaji kwa mswaki mkavu. Akachagua waya mmoja kati ya lundo la nyaya, uliofungwa uzi mwekundu ili usichanganyike na zile zinazofaa kuchajia tu. Chini ya meza palikuwa na betri ya gari iliyounganishwa na kompyuta, kwa ajili ya umeme, ambao hukatika pasipo kubisha hodi. Na umeme ukikatika katikati ya kuandika, simu hubaki nusu huku nusu kule, si ya zamani wala si mpya, na pengine isiwake tena. Akaifungua SP Flash Tool, programu itumikayo kwa simu zenye chipu za MediaTek, nazo ndizo zilizojaa mikononi mwa watu wa kawaida nchini mwetu. Lakini hakuandika. Alichagua kusoma kabla ya kuandika.

Simu ya aina ile, ikiwa imezimwa, huchomekwa waya huku kidole kimebana kitufe cha sauti, na mlango wake hufunguka kwa nukta chache tu. Kompyuta isipoingia katika nukta hizo, simu hujifunga na kuanza kujichaji kama kwamba hakuna aliyebisha. Aliukosa mara ya kwanza, akaukosa mara ya pili, wala hakuapiza. Mara ya tatu kompyuta ikalia, naye akaondoa mkono taratibu kama mtu anayeacha mtoto aliyeshikwa na usingizi. Kwanza alitoa nakala ya NVRAM, sehemu ndogo mno, ya megabaiti chache tu, ambamo simu huweka namba zake za utambulisho, yaani IMEI, na vipimo vya redio yake. Kisha akatoa nakala ya ghala lote la mwenyewe, kazi iliyochukua karibu saa nzima, na gari langu la Lugoba likaondoka bila mimi. Alipoipata sauti hakuisikiliza. Aligeuza kioo cha kompyuta kielekee kwa bibi, akampa hedifoni, akatazama barabarani. Bibi aliinamisha kichwa, akatikisa mara moja kukubali, akazivua.

Hapo ndipo akaandika. Mstari mwekundu ulipita haraka chini ya dirisha la programu, kisha ukaja ule wa manjano, ukitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, asilimia kwa asilimia, na muda wote huo fundi hakugusa meza, hakupokea simu yake iliyoita, hakuruhusu mtoto wa jirani kuegemea kiti. Nimeona watu wakiswali kwa utulivu pungufu ya ule. Duara la kijani lilipotokea katikati ya kioo, alivuta pumzi, akachomoa waya, akarudisha betri. Simu ikachelewa sana kwenye nembo, kama ilivyo desturi yake mara ya kwanza baada ya kuandikwa upya, kisha ikaamka.

Natoa sifa hizi kwa uchungu, maana nayajua yaliyo kinyume chake. Mwaka mmoja kabla ya siku ile nilikuwa nimempa simu yangu kijana mwingine, katika mji mwingine ambao sitautaja. Hakuuliza chochote. Katika programu ile ile mna chaguo la kuandika tu na mna chaguo la kufuta kila kitu kwanza. Naye, kwa haraka au kwa kutojua, alichagua kufuta kila kitu. Picha za mama yangu, ambazo hazikuwa na nakala popote, zikaenda. NVRAM nayo ikaenda, na IMEI ikaenda nayo. Na kwa kuwa Mamlaka ya Mawasiliano ilikwisha kuzizima simu zisizo na IMEI halali tangu usiku wa tarehe 16 Juni 2016, nilirudishiwa kioo chenye mwanga, safi, kisichoweza kumpigia mtu yeyote duniani. "Nunua nyingine, mzee," akaniambia, na akapokea simu ya mtu wa pili. Hakuwa mtu mbaya. Hakupata mtu wa kumfundisha kwamba kuna vitu visivyonunuliwa vingine.

Sanaa hii haina nasaba ndefu. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa Marekani mwezi Oktoba mwaka 2008, na kabla ya mwaka kwisha watu walikwisha kugundua kwamba kila neno walilolichapa juu ya kibodi yake lilipokewa pia, kwa siri, kama amri ya mwenye mamlaka yote: mtu akiandika kwa Kiingereza neno la kuiwasha upya, hata kama alikuwa akimwandikia rafiki, simu ilizima ikawaka. Kosa lile lilizibwa upesi, ila watu walikwisha kuuona mlango, na tangu hapo hawakuacha kuutafuta. Kwetu kitendo cha kujitwalia mamlaka hayo kikaitwa kuruti, na neno lenyewe asili yake ni mzizi, jina lisilo geni kwa Wakwere na Wazaramo, ambao tangu kale wanajua kwamba mti hutibiwa, na hutibu, kwa kilichofukiwa ardhini. Wengi walioruti hapa njiapanda hawakutafuta fahari. Walikuwa na simu za ghala dogo la gigabaiti nane, nusu yake ikiwa imekaliwa na programu zilizowekwa kiwandani ambazo mwenye simu amekatazwa kuzifuta. Walitaka tu kuingia katika chumba cha nyumba waliyoilipia. Fundi wetu aliwafanyia, baada ya kuwaeleza madhara yake, na aliwakataza kabisa zile programu za kubofya mara moja zinazoahidi kila kitu, kwa kuwa, alisema, anayekufungulia mlango bila kukuuliza jina atamfungulia na mwizi.

Na wezi walikuja. Kijana aliwahi kufika magharibi na simu ambayo juu ya kioo chake ilikuwa picha ya mama na kichanga, akataka ibadilishwe IMEI, jambo lililokatazwa na sheria yetu ya mawasiliano ya mwaka 2010. Fundi aliitazama ile picha. "Mwenyewe yuko wapi?" Hakuongeza neno. Kijana akaichukua akaenda zake.

Bagamoyo si mbali na pale, na nilipokuwa mtoto nilikaa sana ufuoni nikiwatazama mafundi wa majahazi wakikalafati, pamba ikipigwa nyundo ndani ya kila ufa wa mbao kwa mlio ule mkavu usiosahaulika, kisha deheni ya shahamu na chokaa ikipakwa chini, ili bahari isipate pa kuingilia. Abiria hakuwahi kuiona kazi ile. Ilikuwa chini ya maji. Niliwakumbuka mara nyingi pale mezani Chalinze, kwa maana na hapa kazi yote iko mahali asipoona mwenye chombo, na ushahidi pekee wa ustadi ni kwamba hakuna kilichovuja.

Leo majahazi yamepungua, na meza ile nayo inaelekea huko huko. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 kila simu mpya hutoka kiwandani ghala lake limefungwa kwa hesabu za siri, hata kama ni ya bei ya chini, na nakala ya bibi yule leo ingekuwa mchanga mtupu usiosomeka. Nakiri kwamba kufuli hilo limewaokoa wengi na wezi. Lakini limemfungia nje mwizi na fundi kwa ufunguo mmoja, na kampuni hazikuona haja ya kuwatenganisha. Programu za benki zikigundua simu imerutiwa hukataa kufunguka. Na sisi wenyewe, ambao zamani tulishona viatu mpaka soli ikawa ya tatu, tumejifunza kusema "imekufa" juu ya kitu kilichougua tu, na kukitupa kwenye droo kikiwa na harusi na mazishi yetu yote ndani yake. Kijana aliyekuwa akijifunza kwa fundi wetu sasa anaendesha bodaboda. Miaka miwili alifundishwa kusoma namba za makosa kwa moyo, akajua kwamba 4032 aghalabu ni faili lisilolingana na simu. Leo hana pa kuzitumia.

Nilipita tena hapo mwaka jana. Chini ya kioo cha meza mmejaa kava na chaja. Kompyuta ya zamani iko chini ya meza, imefunikwa kipande cha khanga, na nilipomwuliza kwa nini haiuzi, aliitoa akaiwasha, tukangoja. Ndani yake mlikuwa na folda mia na zaidi, kila moja ina nakala ya NVRAM ya simu moja, nazo zimeitwa kwa majina aliyowapa wenyewe: Dereva wa Msata, Mama Mananasi, Mwalimu Mpya, Bibi wa Sauti. Simu nyingi kati ya hizo, nadhani, zimekwisha kuoza.

"Na ile sauti?" nikamwuliza.

"Niliifuta siku ile ile, mzee, baada ya kumrudishia. Haikuwa yangu."

Basi la Tanga lilikuwa limesimama. Abiria mmoja akanyoosha mkono kutoka dirishani akitaka waya wa chaji, naye akaifunika kompyuta, akainuka akampelekea.