Kufoka au Kughani? Kuisikiliza Upya "Machozi, Jasho na Damu"

Istilahi isiyofaa huweza kuficha ubora wa kazi. Mfano ni "Machozi, Jasho na Damu" ya mwaka 2001, albamu ya kwanza ya Joseph Haule, yaani Profesa Jay, akiwa peke yake baada ya kuwa katika kundi la Hard Blasters. Sanaa hiyo iliitwa "muziki wa kufokafoka". Kufoka ni kuchemka hata kumwagika, au kusema kwa hasira. Na kulirudia neno, kama katika "semasema", huongeza maana ya kutenda bila mpango.

Je, jina hilo lalingana na tunachokisikia? Katika "Ndiyo Mzee" msanii hafoki. Anavaa nafsi ya mwanasiasa aombaye kura, anaahidi yasiyowezekana, na umati unamwitikia kwa maneno hayo ya anwani. Kejeli inampata mwenye kuahidi, inampata na mwenye kuitikia. Haule mwenyewe alikuja kuwa mbunge wa Mikumi, 2015 hadi 2020. Hivyo wimbo huo ukawa kipimo chake pia.

Kuvaa nafsi, kupanga vina na kuvuta itikio ni kazi ya mghani. Wapo watakaosema kwamba kughani ni kwa mashairi yasiyo na ngoma. Basi na tuseme "kughani kwa mdundo". Kwa maoni yetu, "kufokafoka" lilitaja sauti tu, likaisahau hoja, na wengi wakaidharau kazi kabla ya kuisikiliza.